Kioo Nilichokiweka Mbele ya Pazia

Mpendwa Mama Rivka,

Leo ni Jumanne, saa tatu asubuhi. Saa tano Mama Miriam anakuja dukani, na mimi sijui nitamtazama vipi machoni. Nimefungua mlango, nimewasha taa, nimepiga pasi magauni mawili ambayo hayakuwa na haja ya pasi. Chai nimekunywa vikombe vitatu na choo nimekwenda mara nne. Sasa nimekaa kwenye kiti chako nyuma ya kaunta, nakuandikia wewe, kwa sababu katika Toronto hii yote sioni mwingine ambaye angelielewa jambo hili bila kunifanya nilieleze mara mbili.

Najua ungesema nini. "Wewe mtoto, kwanza salamu." Haya basi, salamu. Tangu tukuzike imepita miezi minne. Duka limebaki kwa mpwa wako, ila yeye anakaa Montreal, kwa hiyo kila kitu hapa ni mimi: kufungua, kuuza, kupinda pindo, kufagia chumvi ya kuyeyushia theluji pale mlangoni. Wanawake wa Kiyahudi wa mtaa huu bado wanakuja. Wakiingia wanatupa jicho kwenye kiti chako kwanza, kisha ndipo wananisalimu. Sijakasirika, hata mimi hukitupia jicho.

Unakumbuka siku niliyoingia humu mara ya kwanza? Nilikuwa na miezi miwili tu Kanada, natafuta sketi ndefu ya kwenda kanisani, isiyo na mpasuo. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi la barabara ya Bathurst nikiwa nimeganda, niko kwenye simu na dada yangu, nalalamika kwa sauti kwamba nchi hii sketi zote zimepasuliwa hadi mapajani. Mara nasikia mtu nyuma yangu: "Sketi refu iko huku." Mama wee! Simu nusura inidondoke. Nikageuka, nikaona bibi wa Kizungu, mfupi, kofia nyeusi kichwani, tepu ya kupimia shingoni. Kumbe umezaliwa Nakuru, kumbe baba yako aliuza vitambaa pale mjini, kumbe uliondoka msichana wa miaka kumi na tisa na Kiswahili chako hujakiacha. Nilicheka hadi machozi. Ukanikazia macho: "Cheka nini? Hii ndiyo Swahili ya Nakuru." Nikakuambia mimi ndiye wa Nakuru, na hicho Kiswahili ni cha walowezi wenye mashamba. Tukabishana nusu saa nzima, na wiki mbili baadaye ukaniajiri.

Siku ya kwanza ya kazi hukunifundisha kuuza wala kushona. Ulinitia kwenye chumba cha kujaribia nguo, ukavuta pazia, ukasema nikae nisitoke. Nikakaa. Nikasikia viatu vyako vinazunguka duka, mlangoni, kwenye kaunta, penye benchi la wanaume, dirishani. "Mimi naona kiatu yako!" Ukashusha pazia. Ukazunguka tena. "Mimi naona mkono!" Ukasogeza ndoano. Ulizunguka hadi ukaridhika kwamba hata mtu akijipinda shingo haoni kitu. Ukaniambia duka hili ni la watu wawili. Kila kinaposogezwa kitu, hata kama ni kiti, mmoja aingie ndani na mmoja azunguke nje. Nilidhani ni wasiwasi wa uzee. Nilijikaza kisabuni nisicheke.

Na vioo ulivitaka ndani ya vyumba, kimoja kila chumba, wala si hata kimoja huku nje. Mwanamke asitoke na nguo ambayo hajui imemkaaje. Ajitazame kwanza peke yake, aketi, ainame, anyooshe mikono juu, aone kama goti linachungulia au kola imefunguka. Akiridhika ndipo atuite. Mimi nimekulia bweni la wasichana, Mama Rivka. Tulioga arobaini kwenye mabomba sita, tukipigiana kelele za sabuni. Basi nikakuuliza waziwazi, hivi nyinyi mnaona mwili ni aibu? Ulikasirika kweli. "Hapana aibu! Hii iko yangu. Nani aliuliza mimi kabla ya kuangalia?" Siku hiyo niliporudi nyumbani Mount Dennis nilijikuta navuta pazia la bafu, mimi ambaye nilikuwa sijali. Binti yangu akaniuliza nimepatwa na nini.

Halafu ukafa. Nilikuja kwenu siku za matanga, zile siku saba mnazokaa chini, nikakuta vioo vyote vya nyumba vimefunikwa shuka. Sikuuliza. Kesho yake nikaja dukani na leso zangu zote, nikafunika vioo vyote vya vyumba vya kujaribia. Sikujua kwamba hayo ni ya nyumba ya msiba tu. Wateja waliingia, wakakuta leso, wakajaribu magauni bila kujiona. Wakawa wanaitana kupitia mapazia: "Njoo uniangalie mgongo." Mpwa wako aliposikia alitaka kucheka, akalia. Akasema niziache.

Nilipoziondoa leso zile, duka liliniuma macho kwa upweke. Nikasema nitafanya kitu kimoja kiwe changu. Ubaya wangu ni huo, kiburi kidogo cha kutaka kuonekana kwamba na mimi nimo. Nikaleta kioo kikubwa chenye miguu, kirefu kuliko mimi, nikakisimamisha ukutani huku nje, kikitazamana na chumba cha mwisho. Duka likang'aa. Mama wawili watatu wakasifu. Nami sikuingia ndani ya chumba, wala hakukuwa na mtu wa kuzunguka. Nilikuwa mmoja, na nikajiambia ni kioo tu.

Alhamisi iliyopita ndipo alipokuja Mama Miriam. Si jina lake, namwita hivyo kwa jina la binti yake kama tunavyoitana kwetu, na la binti nalo nimelibadilisha. Unamjua, wewe ulimvisha hata yeye akiwa bibi harusi. Sasa Miriam ndiye anayeolewa, na mama mtu alikuja kujitafutia gauni. Akaniambia gauni lake likifaa, Jumanne atamleta Miriam mwenyewe nimpime la harusi. Nilifurahi kupita kiasi. Hakuna bibi harusi aliyekuja kwangu tangu uondoke.

Aliingia chumba cha mwisho. Gauni lilikuwa na shingo nyembamba, na alipolivaa likamng'oa kilemba kichwani, na zipu ikakwama kiunoni. Akaniita. Mtu wa kuleta mizigo alikuwa ameingia dakika hiyo hiyo, amesimama penye benchi, pale pale anaposimama siku zote, boksi mkononi. Hakukosea kitu. Mimi nikaenda kwa Mama Miriam na nikavuta pazia kama nilivyozoea, nusu, maana zamani nusu ile ilitazamana na ukuta mtupu.

Nilipoinua macho nilimwona yule mtu ndani ya kile kioo changu cha nje. Naye anaangalia kioo. Mgongo wa Mama Miriam ulikuwa wazi hadi kiunoni, na nywele zake zote, ambazo tangu aolewe hakuna mwanamume aliyeziona ila mumewe, zilikuwa mabegani. Mtu wa watu akageuza uso upesi, akaona haya kuliko mimi, akaweka boksi chini akaondoka bila kungoja sahihi yangu. Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Nikavuta pazia, nikakwamua zipu, na Mama Miriam akajifunga kilemba upya. Akalipenda gauni. Akasema, "Haya, Jumanne." Akaenda zake.

Nilikisukuma kile kioo hadi stoo, peke yangu, nikakigeuza kikatazama ukuta. Kanisani Jumapili watu wanasimama mimi nimeketi, wanaketi mimi nimesimama. Binti yangu nilimweleza. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba yule mama hakuona chochote, kioo nimeshakitoa, kwa nini nimtwike mtu mzigo asiojua kama upo? Nikimwambia nitakuwa najipunguzia mimi na kumuumiza yeye. Na Mama Rivka, mtoto ana hoja! Nimeigeuza hoja hiyo siku tano na sijaipata kosa. Nikimwambia, kila akipita mtaani atajiuliza kama yule mwanamume ni huyu au ni yule. Nisipomwambia, leo nitampima binti yake, nitamshika mabega, nitamwambia jisikie huru mwanangu, hapa hakuna anayekuona. Kwa mdomo upi?

Ninachokumbuka ni wewe na kofia yako, kila mwaka siku moja kabla ya ule mfungo wenu mkubwa. Unafunga duka mapema, unasimama mbele yangu, mimi mfanyakazi wako, unasema: "Kama mimi nakosea wewe mwaka hii, samehe mimi." Mwaka wa kwanza nilikimbilia stoo kwa aibu. Ukanifuata huko huko, ukasimama, ukangoja jibu. Nikakuambia si ungemwomba Mungu tu? Ukaniambia Mungu si yeye uliyemfokea mbele ya wateja, ni mimi. Kumbe ulikuwa unaikumbuka siku ile, na mimi nilidhani umeisahau.

Lakini ulikuwa unaomba msamaha kwa jambo ambalo mimi nililijua. Hili langu yeye halijui. Ungefanyaje? Nisaidie, aki. Saa tano kasorobo sasa. Nimepanga pini zote upya. Nikianza na "samahani" sauti itanikatika, najijua. Nikianza na kioo hataelewa. Naliona gari lake linaegeshwa. Mama Rivka, anashuka peke yake. Miriam hashuki.

*

Ni saa nane. Nimerudi kwenye kiti.

Aliingia na koti lake, hakulivua. Alisimama penye benchi, na macho yake yakaenda moja kwa moja pale kioo kilipokuwa. Nikasema karibu, nikamuuliza habari ya nyumbani, nikamuuliza habari ya barabara, nikasikia mdomo wangu unataka kuuliza habari ya theluji. Nikapiga moyo konde. Nikamwambia yote. Nilikiweka wapi kioo, kwa nini, pazia nililivuta vipi, mtu alisimama wapi na aliona nini. Sikusema "labda". Nikasema kosa si la mtu wa mizigo, ni langu, na kama hataki nimguse binti yake nitaelewa. Nilikuwa nalia kwa kamasi, si kilio cha kupendeza.

Alingoja nimalize. Kisha akasema, "Nilimwona."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Kioo cha ndani kilinionyesha cha nje. Nilimwona yeye, na nikakuona wewe unamwona. Nimekaa na jambo hili siku tano. Mume wangu sijamwambia, mama yangu sijamwambia. Nilisema nitakuja Jumanne, nione kama utaniangalia usoni ukaniambia karibu, gauni limekupendeza."

Kumbe muda wote huo mzigo niliodhani nitamtwika alikuwa nao tayari, na aliubeba peke yake kwa sababu mimi nilinyamaza. Niliomba msamaha tena, safari hii kwa hizo siku tano. Akaniambia bado ana hasira, na kwamba nisimharakishe. Akasema hata sasa akifunga kilemba asubuhi anahisi mtu yuko nyuma yake. Sikujitetea. Nilimwambia nitamngoja, hata ikiwa ni mwaka mzima.

Akavaa glavu zake. Nikajua ndiyo basi, anaondoka. Nilimfungulia mlango kwa heshima, baridi ikaingia. Alikwenda hadi kwenye gari, akainama dirishani, akazungumza na mtu ndani kwa muda mrefu. Mimi nimesimama mlangoni bila koti, siwezi kufunga, siwezi kutoka.

Mlango wa gari ukafunguka, Miriam akashuka.

Ana miaka ishirini, Mama Rivka, ana kidevu cha mama yake na viatu vya michezo chini ya sketi. Alinisalimu, akapokea gauni la harusi nililomtolea, akaingia chumbani, akavuta pazia. Mama yake akaketi kwenye benchi, mkoba magotini, akaliangalia pazia lile bila kupepesa. Mimi nikasimama hatua tatu mbali, mikono nyuma. Nilisikia nguo zinavuliwa. Nilisikia anaketi, anainama, ananyoosha mikono. Sikusogea. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba safari hii hata duka likiungua sitaligusa pazia hilo.

Kisha kutoka ndani akaniita, kwa jina langu, sauti haina wasiwasi hata chembe: "Zipu imekwama. Ingia."

Nilimtazama mama yake kwanza. Akaniitikia kwa kichwa. Nikaingia.

Pumzika, Mama Rivka. Haya yanabaki kwenye barua kwa ruhusa ya Mama Miriam; nilimwomba kabla hawajaondoka.

Ni mimi, mwanao wa dukani.