Hakuna Mama Aliyefariki Hapa

Dada Mbeyu,

Nimekupigia kigelegele. Si cha harusi, si cha mtoto. Nimekipigia kifo chako, dada, mbele ya umati, nikiwa nimejifunga leso ya kikundi na tishati ya bure mwilini.

Ngoja nianze mwanzo, maana wewe hukupenda mtu akurukie na habari katikati.

Wewe wakijua kikundi chetu cha akina mama hapa Likoni. Mheshimiwa yeyote akija, sisi ndio wa kuitwa kuimba, na mimi ndiye mwenye kuanzisha kigelegele. Nisipoanza mimi, wenzangu hawapokei. Ulikuwa ukinicheka, ukisema koo langu limeajiriwa na serikali bila mshahara. Basi mwezi uliopita tukaitwa kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya wadi, pale uwanjani nyuma ya zahanati. Hema, viti vya plastiki, soda. Kijana mmoja afisa, mpole, na adabu zake zote, shikamoo kwa kila mwenye mvi, akafunua bango refu la maandishi ya kijani: HAKUNA MAMA ALIYEFARIKI HAPA MWAKA MZIMA. Akasema zahanati yetu imefaulu mia kwa mia. Kwa hivyo zile hela zilizotengwa za ambulansi hazina haja tena, bora zijenge lango na ukuta. Halafu akatugeukia: "Akina mama, mwasemaje?"

Nikapiga. Kirefu, dada, mpaka pumzi ikanikatika. Wenzangu wakapokea, watu wakasimama wakapiga makofi.

Nikarudi nyumbani, nikakaa barazani kumlisha Mwero uji. Ndilo jina la mwanao, tumempa la babu yake. Ana meno mawili na kazi yake ni kuning'ata nayo. Bi Mwanakombo jirani akaja na sahani ya mahamri, akaketi. Akasema, "Umazi mwanangu, hivi Mbeyu alifia wapi vile?"

Kijiko kikanianguka.

Salaale! Miezi minane haijatimia tangu tukuzike Kinango. Ni mimi niliyekushika kwenye tuktuk. Gauni langu lile la maua nimelifua mara ngapi, na doa la damu yako halijatoka. Nami nimesimama mbele ya bango linalosema hakuna aliyekufa, nikashangilia! Sijui ilikuwaje. Labda nilisikia "hakuna" na "mia kwa mia", nikaona ni mambo ya wakubwa, mambo ya ofisini, hayanihusu mimi na wewe. Haikunijia kabisa kwamba hesabu ile ni ya watu, na mmoja ni wewe.

Sikula siku ile. Asubuhi nikajifunga kibwebwe, nikaenda zahanati kumtafuta mwongo. Wallahi nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nikamkuta sista yule yule aliyekupokea na uchungu wako. Hakuniuliza nataka nini. Akafungua kitabu kikubwa, akapitisha kidole mpaka kwenye jina lako. Umri, saa uliyoingia, mtoto wa kiume, hai. Na mwisho wa mstari: "Amehamishwa."

"Hakufia hapa, dada," akaniambia. "Tulipomtoa alikuwa hai."

Nikamwuliza, je, kule hospitali kubwa ng'ambo ya kivuko? Akasema kule wameandika ulifika umeshafariki, kwa hivyo nao hawakukuhesabu, si mgonjwa wao. Kisha akanitazama na macho yamemjaa maji. "Anayefia njiani hana kitabu." Mwenyewe ameomba ambulansi tangu alipohamishiwa hapa, barua zake anazo.

Yarabi, nilikaa kwenye benchi lile la nje. Kama kungekuwa na mwongo ningemtukana nikapumua. Lakini hapakuwa na mwongo! Kitabu cha huku ni kweli, kitabu cha ng'ambo ni kweli, bango ni kweli, na wewe u kaburini. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nikidhani ili pawe na uongo lazima mtu aseme jambo ambalo si kweli.

Ndipo nikakukumbuka na trei zako za mayai. Yule jamaa wa pikipiki akikuletea mzigo na kuapa, "Mama, hapa hamna hata moja lililopasuka," wewe unamkunjia uso: "Na yaliyopasuka njiani umeyatupa wapi?" Mimi nilikuwa nikiona haya, nikikwambia unamsumbua mtoto wa watu. Kumbe ulikuwa na akili kunishinda mimi na wote waliokaa chini ya hema lile.

Kikao cha kupitisha bajeti kilikuwa juzi Alhamisi. Mwenyekiti wetu wa kikundi alikuja kunibembeleza kabla, amesikia nilikwenda zahanati: Umazi, usituharibie, tukigoma hatutaitwa tena, na wewe wajua wenzio wanategemea ile nauli na unga. Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia la zaidi.

Bango likafunguliwa tena. Maneno yale yale. "Akina mama, mwasemaje?" Wenzangu wananikodolea macho, wanasubiri nianze. Nikasimama nikamwambia, "Mwanangu, nina swali moja. Wale waliotolewa hapa wakiwa hai, walifika?"

Akapekua karatasi zake. Akapekua tena. "Hilo, mama, hatukulihesabu."

Nikataja jina lako lote, Mbeyu binti Mwero, nikaketi. Nilidhani watanizomea. Bi Mwanakombo akainuka na mkongojo wake, akamtaja mke wa mpwa wake, aliyefia kwenye tuktuk kabla ya kivuko. Akainuka mama mmoja wa nyuma ambaye wala simjui, akataja jina lake. Akainuka mwanamume, fundi viatu, akaketi tena akiwa ameshika uso. Kila mtu alikuwa na marehemu wake, dada, na kila mtu alikuwa akidhani ni wake peke yake! Wengi wao mwezi uliopita walipokea kigelegele changu. Mwenyekiti wetu naye akataja dadake. Sikuwahi kujua.

Yule kijana alikunja bango kwa mikono yake mwenyewe. Akasema hela za ambulansi hazitaguswa mpaka majina yote yaandikwe na kufuatiliwa. Atatimiza? Sijui. Maneno ya mkutanoni nayajua, nimeyaimbia miaka. Lakini yamesemwa mbele ya watu, na sista akaleta karatasi hapo hapo.

Nikaambiwa nianze mimi. Fomu ina sehemu ya mahali mtu alipofia, na visanduku viwili tu: zahanati, hospitali. Nikavikata vyote viwili. Nikaandika pembeni: barabarani, ndani ya tuktuk, mbele ya duka la mbao, saa nne asubuhi, mikononi mwa nduguye. Sista akagonga mhuri juu yake.

Nisamehe kigelegele kile, dada yangu. Nilikosa, na nimekulilia upya kama siku ya kwanza. Lala sasa. Tishati nimeirudisha. Wakiniita tena nitakwenda, na kabla sijafungua koo langu nitauliza ni akina nani walioachwa nje ya hesabu, hata wakinichukia. Na Mwero akijua kusoma nitamshika mkono, nimpeleke akaone jina la mamake kwenye karatasi ya serikali, mstari wa kwanza.

Nduguyo,
Umazi