Baba Tuli, Kumbe Walijua

Iringa, Jumapili, baada ya ibada

Baba Tuli,

Neno lako la mwisho lilikuwa "legeza." Nami nikalegeza.

Nilikuwa nyuma ya pazia la gunia, nimeinamia gurudumu la baisikeli ya karani wa baraza, na wewe ulikuwa kwenye kigoda chako mlangoni, unasikiliza. Nikalegeza spoki ile nusu mzunguko, nikangoja useme "basi." Hukusema. Nikadhani haijatosha, nikalegeza tena. Na tena. Spoki ikachomoka, ikaning'inia, nami nikapandwa na hasira. Nikasema kwa sauti, "Unasinzia wakati mwenzio nahangaika?" Unisamehe. Ndipo nikafungua pazia.

Ulikuwa umeegemea mwimo wa mlango kama mtu anayeota jua. Hata kofia haikuanguka. Mama Zuhura, jirani yetu wa vitumbua, alikuwa amepita hapo dakika ile ile akakusalimu, na ulipokosa kuitika akadhani umepitiwa na usingizi. Nilikushika mkono. Ulikuwa na joto bado.

Sijui nililegeza spoki ile mara ngapi wewe ukiwa umekwisha kwenda. Nikiwa napika nalifikiri hilo, nikiwa nafagia nalifikiri hilo. Sijamwambia mtu. Nakuambia wewe.

Leo ni wiki ya tano. Tulikuzika hapa hapa Iringa, maana Tukuyu ni mbali na basi lisingekubali kubeba maiti. Makaburini wanawake wa kwaya walikuwa wakinitazama, wakingoja nilie. Sikulia. Mama Zuhura akaninong'oneza, "Mwanangu, toa machozi, yakikaa ndani yatakuua." Nikamwambia yatakuja. Sikuwa jeuri. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa kibao halafu akasahau ni shavu gani.

Naandika haya kwenye daftari la Tuli, kurasa za nyuma. Nataka kukueleza yaliyotokea hatua kwa hatua, maana hukuyaona, na nina jambo la kukuuliza.

Unakumbuka ilivyoanza. Tulipokuwa Mbeya, ukifanya kazi kwenye duka la yule Mhindi, uliweza kuona ufa wa fremu ukiwa ng'ambo ya barabara. Tulipohamia huku kwetu ukafungua kibanda chako, na mwaka wa pili macho yakaanza kuingia ukungu. Daktari wa misheni akasema hana dawa yake. Hukuniambia. Mimi nilijua siku niliyokukuta umepiga magoti sakafuni, unapapasa, na gololi zote tisa zilikuwa mbele ya goti lako, zinang'aa. Nikaziokota, nikazimimina kwenye kiganja chako. Ukazihesabu kwa kidole gumba, halafu ukasema, "Mama Tuli, kaa hapa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza ufundi, mimi niliyeishia darasa la nne na ambaye spana nilikuwa naiona ni kitu cha kufungia mlango.

Ulianza na viraka. Kuzamisha mpira kwenye karai na kutazama mapovu, hilo nililiweza siku ya kwanza. Ukaja mhimili. Ukikazwa sana unakula gololi, ukilegea sana gurudumu linayumba kama mlevi. Nikakuuliza nitajuaje. Ukanipa mkono wako nikushike, ukasema, "Kama unavyomsalimu mgeni. Usimminye, usimwache." Halafu kukaja kunyoosha rimu, na hapo nilikoma. Wewe uligonga spoki kwa ukucha ukazisikiliza moja moja, ukasema hii imelegea, hii imekaza. Mimi nilisikia chuma tu, mwezi mzima. Rimu ya kwanza niliikaza mpaka ikajikunja kama sikio la mbuzi. Ukaipapasa pande zote kwa utaratibu, ukasema, "Hii tumtafutie mtu anayekwenda na kurudi kwa wakati mmoja." Ukacheka mpaka ukakaa chini. Nilikuchukia siku ile. Kesho yake nilisikia tofauti ya sauti.

Tukaweka pazia. Wewe mbele na wateja, mimi nyuma na kazi. Nilitaka wadhani unazitengeneza mwenyewe jioni, kwa kupapasa. Ukitaka kunielekeza ulisema Kinyakyusa, ambacho nilijifunza kwenu na ambacho Wahehe wenzangu hawakijui. Wateja walidhani unaagiza chakula. Mwinjilisti Yeremia aliwahi kukuambia, "Fundi, mbona unaomba uji mara thelathini kwa siku, na uji wenyewe hauji?" Nilijiziba mdomo kwa khanga nisicheke.

Nilificha kwa moyo wote, Baba Tuli. Nilinawa kwa majivu na maganda ya limau kila jioni mpaka ngozi ikapasuka. Kanisani niliweka mikono ndani ya khanga hata wakati wa kuimba, kwa hofu watu wasione grisi kwenye kucha. Nilijisemea: wakijua ni mwanamke, hataleta mtu hata pampu. Nao watamcheka mume wangu.

Ulipoondoka ziliachwa baisikeli saba, mbali na ile ya karani. Sikujua la kufanya. Baada ya matanga nilifunga mlango mchana kweupe nikazitengeneza, na wenyewe walipokuja nikawaambia kwamba marehemu alikuwa amekwisha zimaliza. Wakazichukua, wakashukuru, wakaenda. Mmoja, mzee wa kutoka Kalenga, aligusa mhimili kwa kidole, akatazama grisi mbichi, akasema polepole, "Naona marehemu kafanya kazi mpaka jana." Akanitazama, akapanda baisikeli yake, akaenda. Siku nzima niliogopa kwamba atasema nyumbani kwetu mna mizimu.

Ndipo akaja kaka yako Anyosisye. Simu ya posta ilichelewa, ikamkuta akiwa shambani, akafika na basi la Mbeya amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Alilia kaburini kama mtoto, nami nikasimama nyuma yake, mkavu. Hakunijia kwa ubaya, nataka ulijue hilo. Alikaa siku nne. Siku ya tano akaomba watu wachache waje barazani wasikie maneno ya ukoo: mwinjilisti, karani, na Mama Zuhura kwa upande wangu. Nilikaa kwenye mkeka, Tuli ameniegemea.

Shemeji akasema, "Kwetu chombo cha marehemu hakikai bila mwenyewe. Kijana wangu wa kwanza ataanza kujifunzia vyombo hivi. Na mtoto huyu atakwenda kwa bibi yake. Mama Tuli ni kijana bado, hatumfungi. Akitaka kuja kwetu ni kwake, akitaka kubaki kwao, tunamshukuru."

Alisema kwa heshima. Kila neno lilikuwa la haki, kwa jinsi alivyojua mambo. Nami sikuweza kufungua kinywa. Nilitaka kusema vyombo vile navijua kwa uzito, nikifumba macho. Nilitaka kusema mtoto haendi. Tuli alinibana kidole.

Mwinjilisti Yeremia akakohoa. Akasema, "Mzee, samahani. Mwenyewe wa vyombo yupo. Ameketi pale kwenye mkeka."

Shemeji akanitazama, akamtazama yeye. "Mke wa marehemu?"

"Fundi wetu," karani akasema. "Mwaka wa tatu sasa."

Baba Tuli, nilihisi kama nimevuliwa nguo sokoni. Nilitaka kukana. Nikasema, "Hapana, mimi nilikuwa napika tu." Mama Zuhura akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Kupika! Mwanangu, mimi nakaa hatua kumi kutoka kwenye jiko lako, na moshi siuoni!"

Ndipo Yeremia akaeleza, na haya ndiyo ninayotaka kukuuliza. Kumbe Jumapili moja, mwaka ule ule tulipoweka pazia, uliwaita wanaume wenye baisikeli nyuma ya kanisa. Kumbe uliwaambia, "Macho yangu yamekwisha. Anayetengeneza baisikeli zenu ni mke wangu. Asiyetaka aseme sasa nimrudishie yake. Na anayetaka anyamaze, maana akijua kwamba mnajua atatupa spana kwa haya. Mwacheni aive." Yeremia akasema hakuna aliyeondoa baisikeli yake. Hata mmoja. Na waliokuja baadaye wakaambiwa na waliotangulia.

Miaka mitatu! Mji mzima!

Nilikaa pale nikayaona mambo yote upya, moja baada ya jingine, kama mtu anayeoneshwa nyumba yake mwenyewe na mgeni. Karani alikuwa akija kuchukua baisikeli anasimama karibu na pazia na kupiga kelele, "Breki zinashika, fundi! Zinashika kweli kweli!" Mimi nilisema huyu anadhani kipofu hasikii pia. Yule mzee wa Kalenga alikuwa akileta mayai, hakupi wewe, anayaacha mlango wa nyuma. Nilisema labda ana aibu. Na wewe ukiyala asubuhi unasema, "Mayai haya yana utamu wa pekee." Ulijua! Ulikaa na siri hiyo mdomoni pamoja na yai, na hukutikisika.

Kwa nini hukuniambia? Nimekukasirikia wiki hii, Baba Tuli. Nimekukasirikia nikakosa hamu ya kula. Nilipasua mikono yangu kwa majivu kuficha kitu ambacho hata mtoto wa shule alikijua. Halafu nikitulia nasikia jibu lako, na jibu ni kweli: ningetupa spana. Mwaka wa kwanza ningeitupa. Labda na wa pili. Lakini wa tatu? Wa tatu ungeweza kuniambia. Nadhani ulikuwa unangoja siku nzuri.

Shemeji aliinuka. Akaingia ndani, akarudi na gurudumu la karani, lile lile, ambalo sikuwa nimeweza kuligusa tangu siku ile. Spoki yake bado ilikuwa inaning'inia. Akaliweka mbele yangu. "Nioneshe, shemeji."

Nikalivuta mbele ya wanaume wale wote, nje, juani, ambapo sikuwa nimewahi kufanya kazi. Nikairudisha ile spoki. Nikakaza. Nikagonga kwa ukucha, nikasikiliza, nikalegeza ya jirani yake. Hakuna aliyeniambia "basi." Nikajiambia mwenyewe basi, nikalizungusha. Lilikwenda sawa, halikugusa huku wala huku.

Shemeji akalitazama mpaka likasimama. Akasema, "Ndugu yangu alioa fundi. Sisi huko nyumbani tukadhani ameoa mpishi." Wakacheka, naye akacheka, halafu akaufunika uso kwa mikono yote miwili.

Hakuchukua vyombo. Alichukua koti lako la kijivu na kitabu chako cha nyimbo. Na Tuli anabaki. Kesho atakwenda shule kama kawaida.

Tangu hapo wanaleta baisikeli bila kusingizia kitu. Jana muuguzi wa misheni alisimamisha yake, akanisalimu kwa lugha ya kwetu, "Kamwene, fundi, cheni inaruka," akaenda zake sokoni. Nilibaki nimeishika ile baisikeli kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzie. Bado sijazoea. Nikisikia "fundi" nageuka kukutafuta.

Sasa nikuambie la mwisho. Jumanne nilimsindikiza shemeji kwenye basi. Mguu mmoja ulikuwa kwenye ngazi, utingo anampigia kelele apande, ndipo akageuka akaniambia habari ya mama yenu. Amekataa kuamini. Amewafukuza waliomletea habari za msiba. Anasema, "Mwanangu hawezi kufa, aliahidi kuja kuniezekea nyumba." Na kila asubuhi anatoka kutazama njia.

Hukuwahi kuniambia ahadi hiyo.

Basi likaondoka. Nikasimama pale kati ya magunia ya maharage ya watu, na hapo, Baba Tuli, ndipo machozi yalipokuja. Yalikuja kwa ajili ya nyasi za paa. Nililia mpaka mama mmoja nisiyemjua akanishika bega akanikalisha juu ya gunia lake, asiniulize kitu.

Kwa hiyo hii ndiyo ahadi yangu. Shule zikifungwa nitampeleka Tuli Tukuyu. Nitamsalimu mama yako kwa lugha yake, nitakaa naye jikoni, naye akiniuliza ulikwendaje nitamwambia yote, hata yale ya spoki. Akinifukuza nitarudi kesho yake. Na vijana wa shemeji watakata nyasi wapande paani, nami nitakuwa chini nawarushia mafungu.

Pumzika, mume wangu. Mvua za mwaka huu hazitamnyeshea.

Mkeo,
Mama Tuli