Kopo la Kahawia Lisirudi Same

Sokoni, Same
11 Julai 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mlangoni unaota jua, wala si kitandani. Mama mpelekee shikamoo yake, na Elinaza mwambie dada yake anamkumbuka hata kama yeye haandiki. Huku ni salama, ila vumbi la Same halina adabu wala likizo.

Siku hizi nikifungua kibanda asubuhi hutazama milima kwanza. Ukungu huwa umeifunika hadi shingoni, nami nasimama mbele ya marobota ya mitumba, naota nikiwa macho. Nakuona unashuka kwenye matuta ya mahindi, unaimba besi yako ya kwaya, hukohoi. Kijiji chote cha Suji kinakuwa kimya kinakusikiliza. Halafu mteja ananiuliza bei ya koti, na mlima unarudi kuwa mlima.

Zebedayo wa lori la tangawizi alipita hapa Jumanne. Alisema masika yalipokuwa yakiisha kifua kilikubana tena, kikalia filimbi, ukalivuta lile kopo la kahawia la dawa ya pumu nililokutumia, ukalivuta tena na tena, nafuu isije. Wakakubeba kwa machela hadi zahanati, ukachomwa sindano. Baba, nilikaa juu ya robota nikalia mbele ya wateja. Kisha akaniambia umeagiza nirudishiwe dawa yangu, eti ni ya maonyesho tu.

Ndipo nikamhoji vizuri. Kumbe tangu lifike, kopo lilikaa sandukuni chini ya suti ya harusi, pamoja na ule mche wa sabuni uliobaki tangu miaka ya foleni. Kabla ya siku hiyo lilitoka mara moja tu, Mzee Anthony wa kanisani alipokuja na mafua, ukamkaribisha avute kidogo kwa heshima ya ugeni! Nilicheka hadi Safia, jirani yangu wa kibanda, akadhani nimeletewa posa. Lakini nakuelewa. Sukari ilipoadimika tulijifunza kwamba kitu kizuri huwekwa, cha mgeni na cha siku mbaya. Sasa maduka yamejaa, ila mikono yetu bado inaficha.

Dawa hii haiwekwi, Baba. Daktari anasema huvutwa kila siku, asubuhi na jioni, hata ukiwa mzima kabisa na unajiona kama unajichezea. Inatuliza njia za pumzi polepole, kwa majuma. Kifua kikishabana, hiyo si kazi yake tena. Hapo ni kopo la bluu, la kufungua kifua haraka, ambalo nimempa Zebedayo akuletee, na lisipokupa nafuu mkimbilie zahanati. Wewe ni mtu wa ndiva. Jioni mnaziba tundu, maji ya kijito yanajikusanya bwawani mmelala, asubuhi mnayafungulia mferejini. Nani alisubiri mahindi yakauke ndipo aende kuziba ndiva? Na ukishavuta, sukutua mdomo uteme maji. Usiyameze kwa kuona unapoteza dawa, nakujua.

Lililobaki ni gumu kuandika. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na kifua chako nimekirithi. Vumbi la mitumba lilikiamsha mwaka jana, nikanyamaza ili Mama asinirudishe nyumbani. Daktari alipokuandikia wewe dawa ile, mimi nilikuwa na cheti cha dawa hiyohiyo mkobani. Nikaenda Moshi, na duka la dawa lilikuwa na kopo moja tu. Nikakutumia wewe. Majuma yale lilipokuwa chini ya suti, mimi nilianguka hapa kibandani, midomo imebadilika rangi. Safia ndiye aliyenilaza juu ya mkokoteni wa mizigo akanikimbiza hospitali.

Sikuandikii haya kukulaumu. Nilitoa kwa kupenda, na ningetoa tena. Sasa nimepata langu na silali bila kulivuta. Juzi nilibeba robota kutoka stendi hadi kibandani nikashangaa nimefika, sikusimama popote. Pumzi inaingia tu, Baba, bila kubisha hodi. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wengine huishi hivyo.

Kwa hiyo usilirudishe. Litoe sandukuni leo hii. Kila asubuhi nitakapovuta langu huku tambarare, nataka nijue kwamba na wewe unavuta lako huko mlimani, ili tupumue pamoja ingawa hatuonani. Nakuogopea sana. Kopo likiisha, Moshi wataleta jingine, maana soko huria siku hizi linaleta kila kitu. Baba mwingine haliniletei.

Wasalimie wote wa nyumbani na majirani, na Mungu awalinde.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Justa