Chumba Chenye Madirisha Mawili Nimewaahidi Watu Watatu

Jumatatu, tarehe 3. Asubuhi mawingu mepesi na upepo kidogo, jua limetoka saa mbili na nusu.

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba unijibu mapema, kwa sababu fundi anaanza kuchimba msingi Jumatatu ya tarehe 17 na akishachimba mimi nimekwisha. Unisamehe kwa kuanza na tarehe na hali ya hewa, naandika shajara tangu kidato cha kwanza na mkono wangu haukubali kuanza mpaka uandike hayo.

Tunajenga, mshauri! Baada ya miaka kumi na minne ya kupanga, sasa tunajenga, na mchoro nimeuchora mimi mwenyewe kwa rula na penseli kwenye karatasi ya vijimraba, kijimraba kimoja ni nusu hatua, na fundi alipouona alivua kofia akasema, "Mama, wewe umesomea wapi?" nami nikamjibu nimesomea stoo, maana mimi ni mtunza stoo wa hospitali, na kila kitu kwangu lazima kiwe na mahali pake. Tangu siku hiyo sitembei, naelea, nikiwa kazini natoa mashuka huku kichwani napanga makochi.

Nikueleze nyumba yenyewe. Mbele kuna sebule, na sebule hiyo imechukua mbele yote ya nyumba, kutoka upande wa jirani mpaka upande wa pili, hatua nane kwa sita, madirisha matatu yanayotazama barabara, makochi yatakaa nusu duara, meza ya kioo katikati, na mlango wake utafungwa kwa ufunguo ili watoto wasiingie na miguu ya vumbi. Nyuma yake inapita korido, halafu vyumba vinne: chetu, cha wavulana wetu wawili, chumba kidogo kilichobanwa kati ya stoo na ukuta wa jirani, na chumba cha pembeni, karibu na bafu na jiko, chenye madirisha mawili, moja la jua la asubuhi na moja la upande wa bustani. Chumba hicho cha pembeni ndicho kilichoniponza.

Kabla ya kumpa fundi mchoro niliona ni busara kumuuliza kila mtu, peke yake, anataka nini, na majibu niyaandike. Tarehe 2 ya mwezi uliopita nikaanza na mama mkwe. Huyu mama ana miaka sita analala sebuleni kwetu, kwenye hiyo nyumba ya kupanga, godoro lake likishinda limekunjwa nyuma ya kabati, na mtu akibisha hodi alfajiri yeye ndiye anayekurupuka kwanza, na hajawahi kulalamika hata siku moja. Nikamuuliza, "Mama, kwenye nyumba mpya wewe unataka nini?" Akafikiri, akasema, "Mimi nataka niamke jua linaniona, na choo kisiwe mbali, magoti yangu unayajua." Nikamwambia cha pembeni ni chako, Mama, ila usiseme kwanza, tusizue maneno.

Tarehe 9 nikamuuliza binti yetu, mtoto wetu wa kwanza, tunamwita Wakili kwa sababu ya ubishi, mwaka huu yuko kidato cha nne na anasomea juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia, "Mama, nataka mlango unaofungika na dirisha. Basi. Sitaomba kitu kingine mpaka niolewe." Nikacheka, nikamkumbatia, nikamwambia cha pembeni ni chako, usiwaambie wenzako.

Tarehe 15 zamu ya baba watoto, yeye ni mshonaji, anashonea kwenye kibaraza cha duka la watu, jua likigeuka naye anageuza cherehani, akasema anachotaka ni mwanga pande mbili na mahali ambapo mvua haimfukuzi. Alikuwa ananipimia gauni, ana pini mdomoni, anaongea kwa furaha hata pini zinacheza, sasa mimi ningesema nini? Nikasema cha pembeni.

Yote hayo yako kwenye shajara, kwa tarehe, kwa mwandiko wangu. Nimeandika mara tatu na sikurudi kusoma hata mara moja, kila siku nilikuwa na furaha ya siku hiyo tu.

Jumamosi fundi akapiga vigingi na kufunga kamba kufuata mchoro wangu, na jana Jumapili tukaenda wote kuiona. Ungekuwepo, mshauri! Ni kamba tu juu ya majani lakini sisi tuliona nyumba. Mtoto wa mwisho akaruka kamba, mama mkwe akamfokea, "Wewe! Umepita ukutani! Rudi, zunguka, ingia mlangoni kama watu."

"Bibi, mlango wenyewe hauonekani."

"Na ukuta unauona? Rudi!"

Basi ikawa mchezo, hakuna aliyethubutu kukanyaga ukuta. Baba watoto akatoka nje kabisa akapiga hodi, tukamwitikia karibu, akafuta viatu kwenye majani ndipo akaingia, mimi nimesimama katikati ya sebule yangu nimeshika kiuno, nacheka mpaka machozi.

Halafu mama mkwe akapita koridoni na mkongojo wake, taratibu, akaingia chumba cha pembeni, akasimama. "Kichwa huku," akasema, "miguu huku." Wakili akaja nyuma yake. "Hodi, Bibi. Hapo uliposimama ndipo meza yangu." Bibi akacheka. "Mnamsikia? Mjukuu wangu ameshahamia kwangu!" Mara baba watoto naye huyo, na tepu mkononi, anapima kutoka dirisha hadi dirisha. "Cherehani mbili zinaingia, na mteja anapata pa kusimama."

"Mteja gani huyo anakuja kunikuta nimelala?" mama yake akamuuliza, na wote wakaangua kicheko, kila mmoja anadhani mwenzake anatania.

Mimi sikucheka. Na Wakili ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Akaniangalia. "Mama, hiki chumba ni cha nani?"

Nikasema, "Mvua inakuja, twendeni."

Baba watoto akatazama juu. "Mvua ya wapi, mama watoto? Hata wingu hakuna."

"Twendeni!" nikasema, na nikatoka mbio, mshauri, nikapita ukutani.

Sasa nifanye nini? Matofali yanatosha vyumba vinne tu, fundi ameshasema. Mama mkwe ameshawaambia mashoga zake mtaa mzima. Wakili tangu jana ananifuata kwa macho. Leo mchana nimempigia fundi nikamuuliza kama dirisha la jua la chumba kile linaweza kuzibwa, ili kisitamanike, kila mtu akiache mwenyewe kwa hiari, akanijibu inawezekana ila hanielewi. Nimefikiria pia kumwomba fundi awaambie kwamba ardhi ya pembe ile haifai. Naona aibu hata kuandika hayo, lakini ndiyo nimefika huko. Usitaje jina langu tafadhali, mume wangu hununua gazeti lenu kila Jumamosi, japo yeye huanza na michezo.

Ni mimi, mama mwenye mchoro.

Nyongeza, Jumanne asubuhi, kabla ya kuifunga bahasha: jana usiku nimepata usingizi saa saba kasoro dakika kumi.

*

Mama mwenye mchoro,

Kwanza hongera. Kujenga si kazi ndogo, na nimeisoma barua yako nikitabasamu, mpaka nilipofika kwenye dirisha la kuzibwa. Hapo tabasamu liliisha.

Mama wa watu amelala nyuma ya kabati miaka sita. Amekuomba jua. Na wewe unampigia fundi simu umzibie jua hilo ili usipate aibu? Halafu unataka kumtwisha fundi uongo wa ardhi, mtu ambaye hajui hata ugomvi wenyewe? Acha hayo leo. Mpigie tena huyo fundi, mwambie madirisha yanabaki mawili.

Sasa tuje kwenye ahadi. Hospitalini kwako, ukitoa blanketi moja kwa wagonjwa watatu, utaitwa ofisini kabla ya saa sita. Nyumbani umefanya jambo hilo hilo na ukaandika tarehe! Sikatai kwamba una moyo mzuri, umewaona wote wamefurahi na hukutaka kumnyima yeyote. Lakini moyo mzuri unaosema ndiyo kwa kila mtu unawaachia wengine kazi ya kusema hapana, na safari hii ulitaka hata pembe ya kiwanja iseme hapana badala yako.

Nimefanya jambo moja. Nimechukua kalamu, nikaichora nyumba yako nyuma ya bahasha yako, hatua kwa hatua kama ulivyoeleza. Nikakaa nikaitazama. Nikajiuliza, watu watatu wanang'ang'ania chumba kimoja, kwani nyumba yenyewe ni ndogo? Si ndogo, mama. Ina sebule ya hatua nane kwa sita, madirisha matatu, yenye ufunguo. Inakaa nani humo? Wageni. Wanakuja mara ngapi? Hukuandika, na wewe huandika kila kitu.

Umewagawia watu watatu chumba kimoja kwa sababu kuna chumba kimoja hukutaka kukigusa. Naelewa kwa nini. Miaka yote hiyo mgeni akiingia kwako anakuta godoro, nawe ukaapa moyoni kwamba kwenye nyumba yako sebule itakuwa sebule. Ni haki yako kutamani hivyo, na wala usione haya. Lakini kila mtu amekuambia anachotaka kwa sauti, wewe chako umekichora kimyakimya kikameza mbele yote ya nyumba.

Basi fanya hivi. Chumba cha pembeni ni cha mama mkwe. Hapo hakuna mjadala. Aliahidiwa wa kwanza, na magoti hayasubiri.

Kata hatua tatu za sebule upande wa jirani. Hapo weka chumba cha Wakili, chenye dirisha moja kati ya yale matatu, na mlango unaofungika. Sebule itabaki hatua tano kwa sita, na mimi nimelea watoto wanne kwenye ndogo kuliko hiyo. Matofali hayataongezeka sana, maana kile chumba kidogo kilichobanwa huhitaji tena kukijenga kama chumba, kiache kiwe stoo, na stoo ya kwenye mchoro iungane na jiko. Muulize fundi, atakuhesabia.

Cherehani ya mumeo iwekwe sebuleni, chini ya madirisha mawili yaliyobaki. Ndiyo, sebuleni. Najua umeshtuka. Mteja atakuta nyuzi kwenye kochi, na utasikia cherehani wakati wa taarifa ya habari. Lakini mteja ataingia mbele na kutoka mbele, hatapita koridoni kumkuta mtu amelala. Na ufunguo wa mlango ule usahau kabisa, usiununue.

Sitakudanganya kwamba wote watafurahi. Mumeo aliahidiwa chumba na anapata dirisha. Atanuna siku mbili. Mwache anune, ana haki, kisha muulize anataka meza ya kukatia iwe na urefu gani, utaona anavyorudi mwenyewe.

Yaliyobaki ni kusema, na hapo hakuna mchoro wa kukusaidia. Gazeti hili linatoka Jumamosi, msingi ni Jumatatu, na mumeo ukurasa wa michezo haumchukui asubuhi nzima. Kwa hiyo ukiisoma barua hii kabla yake, mwite papo hapo, mwambie yote, mwonyeshe zile tarehe tatu kwenye daftari. Usimwambie nusu. Wakili naye mwombe radhi waziwazi, kwa sababu alikuuliza swali la kweli ukamjibu kwa mvua. Mtoto wa umri ule akishakushika uongo mmoja, hata ukisema kweli atatazama juu kwanza.

Mama mkwe umwendee peke yake, kabla ya watoto, ukae chini kwenye godoro lake. Mwambie chumba ni chake na kitabaki chake, na kwamba wengine nao uliwaahidi, na ulikosea. Usimwache alisikie hilo kwa mjukuu, maana atakachofanya nakijua na wewe unakijua. Atasema, "Basi mpeni mtoto, mimi nimeshazoea." Akisema hivyo, mkatalie. Mkatalie kwa adabu zote, lakini mkatalie, hata akisema mara tatu.

Jumapili rudini kiwanjani wote. Zile kamba za sebule zisogeze wewe mwenyewe, kwa mkono wako, wao wakikutazama. Na kama Jumatatu fundi akifika bado kuna ambaye hujamwambia, mrudishe nyumbani, aje Jumanne.

Mshauri wako