Dakika Nne Ukingoni

Jumapili, 4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, ukigombana na televisheni za watu kama kawaida yako. Mimi sijambo, ila mikono inanuka grisi hata nikila. Koo linaendeleaje? Safari iliyopita ulinijibu kwa mstari mmoja, "linapona," kisha ukajaza kurasa mbili za habari za shimo jeusi. Ningekupigia simu, lakini tangu wakupasue sauti imekwenda, nami nitasikia pumzi tu.

Jana bwalo letu hapa kwenye bwawa la umeme lilifurika. Wote tulibanana mbele ya televisheni moja kutazama ile tamthilia ya Ukingo. Daktari alipoteleza nje ya chombo cha angani akaanza kuangukia shimo jeusi, mpishi aliisahau sufuria mpaka ikaungua. Sasa nina swali. Nahodha anasema Daktari bado yu hai, kwa sababu anamwona pale ukingoni, ameinua mkono, hasogei. Fundi wa chombo anasema ule ni mwanga wake wa zamani tu, unapanda polepole kutoka kule, mwenyewe alishaingia. Nani mkweli? Mimi niko na Fundi. Bwalo zima liko na Nahodha, na msimamizi ameniita mchawi.

Niambie ukweli wa hilo koo.

Mpwa wako

Alhamisi, 8 Machi

Kichwa Ngumu wangu,

Marahaba, marahaba. Mimi mzima, wasiwasi wako tu. Koo linapona. Mshonaji wa jirani ananiletea supu kila asubuhi na kunisimamia mpaka niimalize. Ndiye anayenipelekea barua posta, maana kile kilima siku hizi naona kimerefuka.

Uko upande wa Fundi kwa sababu na wewe fundi. Sasa sikiliza. Karibu na shimo lile muda unakwenda kwa kujivuta. Daktari anapepesa jicho mara moja, huko juu mwezi umekatika. Yeye haumii, mama, hajui hata kama amechelewa. Wanaoteseka ni wale wa juu, wanaohesabu. Kwa hiyo Nahodha ana haki yake. Kama macho yake yanamwona mtu, wewe nani umwambie amekwisha?

Jambo jingine. Ile saa yangu ya ukutani, ya kuchomeka kwenye umeme, mchana inachelewa na kukicha imejirudi yenyewe. Nimeifungua mara mbili, nzima. Nimeihamishia chumbani niitazame vizuri nikiwa nimelala. Au na sisi huku tunakaribia shimo?

Na usithubutu kuacha kazi kabla muda wako wa majaribio haujaisha mwisho wa Mei. Nafasi ile hupati mara mbili. Ukikanyaga hapa kabla ya hapo, sikufungulii mlango.

Mjomba wako

Jumatatu, 12 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Huku hatujambo, maji ni mengi na kazi ni nyingi.

Saa yako haina ugonjwa, ugonjwa uko kwetu. Mji wenu wote unakula umeme wa bwawa hili, na saa ya aina ile inafuata mwendo wa mashine zetu. Mchana viwanda vikiwaka, mashine zinaelemewa, zinazunguka pole kidogo, na saa zenu zote zinachelewa pamoja. Alfajiri mzigo ukipungua tunaziongeza mwendo mpaka saa zirudi sawa. Ukutani kwetu zimekaa saa mbili, moja ya kutia ufunguo na moja ya umeme wetu, na lazima zilingane. Tangu wiki iliyopita kazi hiyo nimepewa mimi. Kwa hiyo ukiamka ukakuta saa yako iko sawa, ujue mpwa wako hakusinzia.

Lakini mwandiko wako mbona umepinda? Na tangu lini unalala mchana, wewe uliyekuwa ukila umesimama?

Mpwa wako

Jumapili, 25 Machi

Kichwa Ngumu,

Marahaba. Natumaini hujambo na kazi inakwenda. Mimi nazidi kunenepa, na kidonda cha koo kimefunga kabisa.

Umeiona Ukingo jana? Si nilikuambia! Nahodha hakukata tamaa, na kamba ikamfikia Daktari. Nilipiga meza mpaka mshonaji akaja mbio, akadhani nimeanguka. Huyo Fundi wako ataficha wapi uso? Nasubiri uniombe radhi, tena kwa maandishi.

Hapa hakuna jipya. Karakana imejaa, watu hawajui kutunza vitu. Fanya kazi.

Mjomba wako

Ijumaa, 30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hali sikuulizi, kwa sababu hali umenidanganya.

Jumamosi ile Ukingo haikuonyeshwa. Mpira ulikwenda muda wa nyongeza, ukaenda penalti, ikaingia taarifa ya habari, na mtangazaji akaomba radhi. Bwalo lilitaka kuvunja televisheni. Nchi nzima haikuona kitu, wewe peke yako uliona kamba ikimfikia Daktari.

Barua ile uliiandika kabla. Nimeirudia mpaka karatasi imelegea, na hakuna hata neno moja linalonijibu kuhusu saa. Uliiandika lini? Ziko ngapi nyingine? Na kwa nini mtu aandike barua za mwezi ujao, kama hajui kwamba mwezi ujao hataweza kuandika?

Ninaogopa, mjomba. Wewe ndiye uliyenilea tangu nikiwa mtoto wa kung'oa nyaya za redio za wateja wako. Sina mwingine. Nimemwomba msimamizi ruhusa. Mwenzetu wa tatu kavunjika mguu, tumebaki wawili kwenye zamu, na amesema nikiondoka kabla hajaja mtu wa kuziba pengo, nisirudi. Nisirudi basi! Niandikie neno moja tu. Ila liwe la leo.

Mpwa wako

Jumapili, 8 Aprili

Kichwa Ngumu,

Marahaba. Hujambo? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mvua zimeanza, na paa la karakana linavuja palepale.

Ukingo inazidi kunoga, sivyo? Daktari karudi chomboni kijana vilevile, na wenzake wote wana mvi. Nimecheka sana. Kula vizuri.

Mjomba wako

Alhamisi, 12 Aprili

Mjomba,

Nakuuliza kama uko hai, wewe unaniambia paa linavuja.

Daktari hajarudi chomboni. Kamba ilikatika. Nahodha ameketi dirishani na bado anamwona pale ukingoni, mkono juu, kila siku mwekundu zaidi na hafifu zaidi. Bwalo zima sasa limehamia kwa Fundi, na mimi nimehamia kwa Nahodha. Nimezipanga barua zako mezani nazitazama. Sijui natazama mtu au mwanga wake wa zamani.

Nimempigia simu mwenye duka linalotazamana na karakana yako. Anasema milango imefungwa tangu Machi, na mshonaji kutwa yuko hospitali. Kwa hiyo uko hospitali, au ulikuwa. Na mimi hata kukimbia siwezi. Zamu hii nikimwachia mtu mmoja, mashine ikamshinda, hospitali hiyo inaingia gizani na wewe umo ndani. Mtu wa kuziba pengo anafika Ijumaa ya wiki ijayo. Siku hiyohiyo nashuka, upende usipende.

Sijui kama utaningoja. Ndiyo maana Jumapili hii nitafanya jambo ambalo naweza kufukuzwa kwalo. Sikuambii ni lipi, mshonaji asije akajibu kwa niaba yako. Ukiwa hai, na ukiwa nyumbani, utaliona kutoka kitandani. Ukiliona, liandike. Nakuomba, mjomba, liandike.

Mpwa wako

Jumanne, 17 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sasa tuongee ya kweli. Mimi si mzima.

Dakika nne. Saa yangu imebaki nyuma ya redio kwa dakika nne tangu Jumapili, na kulipokucha haikujirudi. Nikasema, haya, mtoto amesinzia. Leo tena, vilevile. Wewe hujawahi kusinzia kwenye mashine, hata ukiwa na miaka saba. Ndipo nikagonga kitanda kwa kijiko mpaka mshonaji akaja, nikamwandikia: lete barua ulizonificha. Alikuwa analia. Alizificha kwa kunihurumia, na huku akaendelea kupeleka posta zile za fungu nililomwachia, kama nilivyomwapisha.

Ndiyo, niliziandika zote Machi, kabla ya kupasuliwa mara ya pili, za kukufikisha mwisho wa Mei. Walinifungua, wakanifunga. Jumamosi wamenirudisha nyumbani, na wewe fundi, unajua maana yake kifaa kikirudishwa kwa mwenyewe bila kutengenezwa.

Nilitaka ubaki na kazi yako. Nilidhani nitakuwa kama Daktari, nionekane pale ukingoni mpaka Mei, na wewe usiumie. Nikakudanganya pia kwamba wa ukingoni haumii. Anaumia, mwanangu. Kila saa naisikia ikipita. Ninaogopa, na sauti ya kukuita sina.

Njoo Ijumaa. Majaribio yakiharibika yaharibike, mlango uko wazi. Dereva wa lori la bwawa yuko mjini leo, mshonaji anamkabidhi barua hii mkononi.

Na hizo dakika ulizowaibia watu, zirudishe. Mwenye duka ameanza kugombana na redio yake. Au hapana, usizirudishe. Ziache hivyo hivyo mpaka ufike.

Barua sita zilizobaki nimeagiza zichomwe. Ya mwisho ilikuwa ya kukupongeza kwa jinsi Ukingo ilivyoisha. Sijui inaishaje. Njoo unisimulie.

Mjomba wako