Majani Matatu Ndani ya Bahasha

Goma, Keshero, tarehe 9 Machi

Kaka yangu mpendwa Kambere,

Pokea salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Butembo, wewe na kazi yako ya mbao. Sisi tunapumua. Mama bado anatibu watu, ila mikono inamtetemeka, kwa hiyo mimi ndiye ninayetwanga majani na kuwanywesha wagonjwa.

Nimesikia kwamba Deborah alikuomba umchukue mtoto wenu, nawe ukajibu kuwa hutalea damu ya mlozi. Ndiyo maana naandika. Si jambo la kusemea kwenye simu.

Hukuwapo Papa wetu alipovimba tumbo. Mama alimnywesha maji ya lile jani lake la kutafutia karuho, sumu ambayo Goma nzima inaiogopa. Papa akatapika nyeusi kama makaa, ishara ya karuho. Mama akauliza chakula cha mwisho Papa alikipokea mkononi mwa nani. Ni Deborah, mke wako, uliyetuachia ukienda kutafuta maisha. Alikuwa amempikia samaki wa soko la Kituku. Shangazi akasema kikulacho ki nguoni mwako, na majirani wakaokota mawe. Deborah hakulia. Alisema tu: "Munipe na miye ile dawa, tuone kama nitatapika nyeupe."

Mama alikataa, akidai dawa hainyweshwi mlozi. Walimfukuza na mtoto mgongoni, bila hata kitenge cha kubadilisha, akapanda boti kurudi kwao Bukavu. Wiki mbili baadaye Papa akafa hata hivyo. Daktari alisema ni ini, ugonjwa wa miaka mingi.

Kaka, nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilionja jani lile kwa udadisi wangu. Nilitapika nyeusi. Mama alinifuta mdomo, akaniambia kwamba kila anayelinywa hutapika hivyo, na kwamba hiyo ndiyo siri ya mkoba wa uganga nitakaourithi. Siku ile ya mawe nilikuwa nimesimama nyuma ya Deborah, kikombe mkononi, nikanyamaza kwa sababu niliutaka mkoba. Nilitamani kuitwa mganga. Sasa naitwa, na najichukia.

Usiniamini kwa maneno. Mwaka mzima nimekuacha uamini kuwa Deborah ni mlozi. Ndani ya bahasha nimetia majani matatu. Yachemshe, unywe, uangalie mwenyewe kwenye beseni. Ukishajifuta mdomo, nenda Bukavu.

Mama anakusalimu sana. Hajui nimeandika nini.

Ni mimi dada yako,
Masika