Tembo Kwenye Njia ya Darasa la Nne

Jumatatu, 30 Septemba

Imla tena leo. Nilisoma kila sentensi polepole, nikairudia, bado wameandika "tumekura wari". L na r zinawatesa watoto wa huku kama zilivyonitesa mimi kwetu Mtama. Alama za uandishi ndiyo balaa. Mmoja kaweka nukta baada ya kila neno, nadhani kwa usalama.

Mtihani wa taifa wa darasa la nne ni mwezi unaoanza kesho. Mwaka jana shule yetu ilishika mkia kata nzima. Mwalimu Mkuu ameamua: kuanzia kesho darasa la nne lifike kabla jua halijachomoza, wasome sarufi na insha fupi kabla ya vipindi. Mimi ndiye mwalimu wao wa Kiswahili. Nimekubali.

Watoto wa Namatungu watatoka kwao gizani. Kitongoji chao kiko ng'ambo ya mashamba ya mikorosho. Sikulifikiria hilo mpaka nilipofika nyumbani.

Alhamisi, 3 Oktoba

Tembo wameingia mikoroshoni. Mabibo yameiva na kudondoka, harufu yake inawavuta kutoka porini. Nimeziona nyayo kwenye njia ya Namatungu. Niliweka mguu wangu ndani ya mmoja. Nikautoa haraka.

Watoto walifika wakicheka. Walipita hapohapo.

Ijumaa, 4 Oktoba

Umoja na wingi. Nusu ya darasa wameandika "tembo imevunja mti". Nikasahihisha ubaoni: tembo amevunja mti, tembo wamevunja miti. Wakairudia kwa sauti, darasa zima.

Baada ya vipindi nilikwenda ofisini kumwomba Mwalimu Mkuu tusogeze masomo mpaka jua litoke. Hakuinua macho. "Tembo wapo kila mwaka, Mwalimu Editha. Wewe fundisha." Nikasema sawa. Naogopa tembo. Namwogopa na yeye. Leo nimemwogopa yeye zaidi.

Jumanne, 8 Oktoba

Tembo ameua mtu. Mzee mmoja wa upande wa Kikole, alikwenda shambani kwake alfajiri kuokota korosho. Alikutwaje, sikuuliza.

Jioni akaja Zainabu, mama yake Sikudhani. Sikudhani ndiye mdogo kuliko wote darasani kwangu, mwandiko wake mdogo kama chawa, lakini safi. Mimi na mama yake ni rika moja. Nilimkaribisha kiti, hakukaa.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Ukisema mtoto aje, atakuja. Ukisema abaki, atabaki. Nakusikiliza wewe."

Nilitaka kusema abaki. Nikamwona akilini Mwalimu Mkuu ofisini, macho kwenye karatasi zake. Nikasema, "Aje. Nitawafuata mwenyewe."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mimi hata mbwa nampisha.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekwenda. Tochi nimeibana kwapani, debe tupu mkono huu, kijiti mkono huu. Nilipiga debe njia nzima. Wakati wa kurudi watoto walitaja vitenzi kwa zamu, wakati uliopita, wakati ujao, kwa kelele kubwa. Kila waliponyamaza nilisikia majani.

Tulifika salama. Nikawahesabu mlangoni, kisha nikawahesabu tena.

Ijumaa, 11 Oktoba

Insha fupi: "Mnyama ninayemjua." Nilijuta nilipokwisha kuandika ubaoni, lakini kufuta kungekuwa vibaya zaidi. Wengi wameandika mbuzi. Sikudhani hakuandika kitu. Nikamwinamia.

"Bibi kasema tusimtaje," alininong'oneza. "Akisikia jina lake anakuja."

Nikamwambia aandike kuku. Akaandika neno kuku, akaweka kalamu chini.

Mtihani hauulizi mtoto anaogopa nini. Karatasi tupu ni sifuri.

Jumanne, 15 Oktoba

Nitaandika yote, kama yalivyotokea.

Tulikuwa katikati ya mikorosho. Harufu ya mabibo yaliyochacha, kali kama pombe. Tawi likavunjika. Nikamulika, nikaona kitu nilichodhani ni ukuta wa nyumba. Pale hapana nyumba. Ukuta ukageuka.

Debe likaniponyoka, likalia juu ya mawe. Tembo naye akalia. Sijawahi kusikia sauti kama ile, niliisikia kifuani kuliko masikioni. Watoto wakatawanyika.

Nikakimbia. Sikumshika mtoto yeyote. Niliwakuta watoto mbele yangu, nikawapita, nikaendelea kukimbia. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kulisema.

Walifika shuleni mmoja mmoja. Sikudhani hakufika.

Nilirudi. Si ushujaa. Nisingeweza kukaa pale nikisubiri Zainabu aje kuniuliza. Mwalimu Mkuu alikuja nami, na viatu vyake vya ofisini, pamoja na wanaume wa kijiji wenye mapanga na madebe. Tuliita jina lake mpaka jua likawa kali. Tulikuta mikorosho imeng'olewa na kinyesi bado kinafuka moshi. Kila kichaka nilikiendea nikiomba nisimkute humo.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyemwona. Amejikunyata chini ya dungu lililoanguka, lile wanalokaa juu yake kulinda shamba. Mzima. Michubuko magotini. Haongei, hata jina lake ukimwita anakutazama tu.

Alimbeba mgongoni mpaka Namatungu. Tulikuwa tumekaribia nyumba aliposema, bila kunigeukia, "Masomo ya alfajiri basi. Kata wakiuliza, nitajibu mimi." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia.

Zainabu alimpokea mwanawe. Kisha akanishika mikono, akanishukuru. Mimi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Wazazi wa Namatungu wamewazuia watoto. Wana haki. Sasa mimi ndiye ninayekwenda kwao, mchana, jua likiwa juu. Hata mchana nasimama kila hatua chache kusikiliza. Kanga akiruka nakaribia kuanguka.

Ustadhi wa madrasa ametupa baraza lake. Niliingia na rozari yangu shingoni, nimesahau kuivua. Akasema tu, "Karibu, Mwalimu. Mkeka ule pale."

Leo viunganishi na nukta. Sikudhani alikuja, akakaa nyuma. Haongei na mtu. Wenzake wananitazama kwa namna fulani. Waliniona nikiwapita. Wakisema kwao, nimekwisha. Mzazi akipita mbele ya baraza, nainamisha kichwa kwenye madaftari.

Jumamosi, 19 Oktoba

Insha fupi: "Mama yangu." Nilimpa Sikudhani karatasi bila kumwambia neno. Alikaa nayo muda mrefu. Mwishoni akanisogezea.

"Mama yangu anaitwa Zainabu. Mama anarima mihogo. Mama yangu anaogopa sana lakini anakwenda."

Nilishika kalamu nyekundu. Nikaiweka chini. Kisha nikaichukua tena, maana msahihishaji wa mtihani hatamhurumia. Nikafuta r, nikaweka l. Nukta zote zilikuwa mahali pake.

Nikatoka nje kidogo.

Jumanne, 22 Oktoba

Mtihani kesho. Kuna aliyesema ametembelewa na tembo jana shambani, nyuma ya nyumba za Namatungu. Sina hakika kama kuna mtoto hata mmoja atakayevuka kesho. Sina hakika kama nataka wavuke.

Jumatano, 23 Oktoba

Wamevuka. Jua lilikuwa limeshatoka. Nilisikia madebe kabla sijawaona: wazazi wote wa kitongoji, kina mama kwa kina baba, watoto katikati. Mwalimu Mkuu alikuwa nao. Alikwenda kuwafuata bila kuniambia.

Wasimamizi ni wa shule nyingine. Sisi tulitakiwa kukaa mbali na chumba, nikakaa jikoni kwa wapishi wa uji. Sikuona kitu. Sikuweza kumsaidia mtu. Nilikuwa nikifikiria l na r tu, kama mwendawazimu.

Sikudhani alitoka wa mwisho. Nikamuuliza kama ameandika insha.

"Nimeandika."

Neno la kwanza kwangu tangu siku ile. Sikumuuliza ameandika nini.

Jumapili, 27 Oktoba

Baada ya misa nilikwenda Namatungu. Sikuwa na la kufundisha. Zainabu alikuwa uani akimenya mihogo. Akanisogezea kigoda na kisu kingine. Tukamenya.

Nilipanga nimwambie polepole. Likatoka lote kwa mara moja. "Siku ile nilikimbia. Niliwaacha. Nilimpita mwanao njiani."

Hakuacha kumenya. "Najua. Watoto walisema siku ileile."

"Siku ileile? Na ukanishukuru?"

"Ulirudi." Akatupa muhogo kwenye sufuria. "Mimi nilikuwa na hasira nawe, Mwalimu. Bado ninayo kidogo. Nilikuwa nangoja kama utaniambia mwenyewe."

Alinisogezea mihogo mingine, nikaendelea. Sikudhani alikuwa kivulini akimfundisha mdogo wake kuandika jina kwa kijiti mchangani. Alikuwa anaongea, chinichini, kwa ukali kidogo, kama mimi ninavyoongea darasani.

Matokeo ya mtihani yatatoka mwakani. Mvua bado. Nilikula nao, nikaondoka jua likiwa bado juu. Zainabu alinisindikiza mpaka mikorosho inapoanza, akasimama pale. Kila nilipogeuka nilimwona.